Msitupigie Makofi, Leteni Mizani

Wasomaji wenzangu, leo nimekuja na ugomvi. Nasema mapema ili mwenye kutaka hadithi ya mapenzi afungue ukurasa mwingine. Ugomvi wangu ni na watu wenye viganja vyepesi: wale ambao kijana akibuni kitu cho chote, kiwe kinafanya kazi au hakifanyi, wao hupiga makofi, hupiga na picha, kisha huenda zao. Na kabla hamjaniuliza, "Wewe nani hata utuseme?" nakiri hapa hapa kwamba wa kwanza katika orodha ya watu hao ni mimi.

Ninachokisema ni hiki. Kicheko hakimwui mbunifu asiye na cheti. Kicheko amekizoea tangu utotoni, ameota nacho sugu. Kinachommaliza ni sifa asizopimiwa.

Mambo yenyewe ni ya tiara. Naam, tiara hii hii, wengine mwaiita kishada, ya chelewa na karatasi, tuliyokuwa tukichapwa kwa ajili yake tukichelewa chuoni. Kuna watu duniani, na wengi wao si wahandisi wa kusomea, wanaotaka kuitumia tiara kuzalisha umeme. Mmoja wao ninamjua kwa karibu. Kwa ombi lake sitamtaja jina. Nitamwita Fundi, kwani ndivyo kijiji kizima kinavyomwita.

Sisi tunatoka pwani ya mashariki ya Unguja, huku ambako kusi likiingia mchanga unatembea wenyewe. Wageni wamezijua pepo zetu siku nyingi. Paje na Jambiani sasa zina sifa dunia nzima kwa mchezo wa kuvutwa na tiara juu ya maji, ambao vijana wa pwani wanauita kaiti. Hizo kaiti zikichanika hupelekwa kwa mafundi cherehani, na Fundi wangu ni mmoja wao. Tulimaliza Kidato cha Nne pamoja. Mie nikatoka na matokeo ya kumwonesha mama usiku taa ikiwa imefifia, yeye vivyo hivyo. Mie nikaingia katika kuandika riwaya ambayo mpaka leo haijapata mwisho. Yeye akaingia katika viraka.

Sasa wee, mtu anayeshinda kutwa na kitambaa kinachoweza kumburura mwanamume mzima baharini, atakosa kuwaza? Mwaka 2022 akachukua ringi ya baiskeli, akaisimamisha kwenye kigingi cha mkandaa, akaizungushia kamba, akabandika dainamo ya baiskeli ubavuni. Akarusha tiara aliyoishona kwa mabaki, ya mita mbili za mraba. Tiara ikavuta, kamba ikatoka, ringi ikazunguka, taa ikawaka. Sekunde 40. Kisha kamba ikaisha, taa ikazimika, Fundi akaanza kuivuta kamba kwa mikono ili aanze upya.

Mimi nilikuwepo. Nililia, wallahi. Usiku huo huo nikaandika makala, nikaipeleka kwa gazeti moja ambalo sitalitaja, wakaichapa. Niliandika kwamba taa iliwaka, na hilo ni kweli. Kisha nikaandika kwamba mtambo ule "una uwezo wa kuwasha nyumba kumi". Hizo nyumba kumi nilizitoa wapi? Nilizitoa kichwani. Sentensi ilikuwa inapwaya mwishoni, nikaitilia nyumba kumi kama mpishi anavyotilia chumvi.

Makofi yakaanza. Maskani nzima ilijua. Akaja mkubwa mmoja kutoka ofisi moja, akapigwa picha ameshika kamba, akasema vijana wa namna hii ndiyo hazina ya taifa, akaahidi kuleta wageni waje kuziona hizo nyumba kumi. Na katika watu wote wale, hakuna aliyeuliza swali hata moja. Nasema hata moja! Inavuta kilo ngapi? Kwa mwendo gani? Kamba ikiisha inakuwaje? Hamna. Viganja tu, pwaa, pwaa.

Basi Fundi akabaki na deni ambalo hakulikopa yeye. Nilimkopea mie. Akipita dukani wazee wanamwuliza, "Mwanangu, lini utatuwashia?" Akienda msikitini, swali ni lile lile. Yeye ni mtu wa haya, hakuweza kusema, "Ami, yale ya nyumba kumi aliyaandika rafiki yangu." Siku ya wageni ilipokaribia, akatoa kaiti kuukuu ya mita 12 za mraba, ya kuvulia watu wazima baharini, akaifunga kwenye kigingi kile kile. Ilikuwa Agosti, kusi limekaza. Mie ndiye niliyeshika kigingi. Kaiti iliposhika upepo, kamba ilijifunga kwenye mkono wake wa kushoto. Kidole cha shahada na cha kati viliondoka pale pale ufukweni. Ule ndio mkono unaoongoza kitambaa chini ya sindano.

Wageni hawakuja. Si wiki ile wala nyingine yo yote.

Sasa msomaji, sikulizi nikuoneshe jinsi ajali hii ilivyokuwa imeandikwa kwenye hesabu ya Kidato cha Pili, kama kuna mtu angeifanya. Hewa ina uzito wa takriban kilo 1.2 kwa kila mita ya ujazo. Upepo ukivuma mita 10 kwa sekunde, unaweza kukivuta kitambaa kwa kiasi cha kilo 6 kwa kila mita ya mraba. Zidisha kwa 12. Ni kilo 72, zaidi ya uzito wa Fundi mwenyewe, na hiyo ni tiara ikiwa imetulia. Ikianza kukata upepo kwa kasi, mvuto unapanda mara kadhaa. Kalamu na karatasi. Dakika mbili. Hicho ndicho kilichokuwa kinahitajika ili rafiki yangu awe na vidole kumi. Sisi tulikuwa na nyumba kumi.

Na ile taa? Dainamo ya baiskeli imeundwa itoe wati 3 tu, za kumulika njia. Hata ungeifungia ndege ya abiria, itakupa taa ya baiskeli. Mwaka uliofuata jeraha lilipokauka, tuliazima mizani ya kuning'iniza kwa mnadi mmoja wa dikoni, ile wanayopimia samaki, tukaifunga kati ya kamba na kigingi. Tiara ndogo ilikuwa inavuta kilo 12. Kilo moja ya mvuto hesabu kama nyutoni 10, basi ni nyutoni 120. Kamba inatoka kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde: hiyo ni wati 120. Maneno makubwa! Lakini ngoja. Inatoa wati hizo kwa sekunde 40, kisha unahitaji sekunde 60 kuirudisha mita 40 za kamba, tena kwa kuvuta kilo 3. Toa ulichotumia katika ulichopata, gawa kwa sekunde zote 100. Kinachobaki ni wati 36. Na hapo jenereta haijala chake.

Wati 36, ndugu zangu. Si nyumba kumi. Ni taa chache za nyumba moja, na mtu mmoja asimame juani kutwa kuzilinda.

Najua kuna watakaoruka sasa hivi: "Si unaona? Tulisema tangu mwanzo, tiara ni mchezo wa watoto!" Tulieni. Nyinyi nanyi nina neno nanyi, maana mnacheka kwa uvivu ule ule ambao wenzenu wanaupigia makofi. Nyinyi pia hamkupima.

Tiara si mzaha. Litazame panga la mtambo wa upepo wa kawaida. Theluthi yake ya mwisho, ile ya ncha, ndiyo inayofagia zaidi ya nusu ya eneo lote, na ndiyo inayokwenda kasi. Sehemu iliyobaki, pamoja na mnara na zege la chini, kazi yake kubwa ni kuishikilia ile ncha hewani. Sasa je, kama tungeiacha ncha iruke peke yake, ikashikiliwa na kamba? Ncha inayoruka imefungwa kamba ni nini kama si tiara?

Wazo hilo halikutoka kwa mlevi. Mwaka 1980 mhandisi Miles Loyd, wa maabara ya Lawrence Livermore huko California, alichapisha hesabu yake. Alionesha kwamba tiara isiyotulia, ile inayokata upepo kwa kupita huku na huku, inakwenda kasi mara nyingi kuliko upepo wenyewe, na nguvu inayopatikana inapanda kwa kiasi kikubwa mno. Alitoa mfano wa bawa lenye ukubwa wa lile la ndege ya kijeshi ya mizigo C-5A: katika upepo wa mita 10 kwa sekunde lingeweza kutoa megawati 6.7. Akaeleza na njia mbili. Ya kwanza, kamba ivute kizungusho kilichoko chini, kama alivyofanya Fundi pasipo kumjua Loyd. Ya pili, jenereta zikae juu kwenye bawa lenyewe na umeme ushuke kwa kamba.

Na walioichukua hesabu hiyo na kuikimbiza, wengi walikuwa watu wa mchezo. Mwaka 2006 huko California iliundwa kampuni ya Makani, na miongoni mwa waanzilishi wake walikuwemo watu wa kaiti za baharini, mchezo ule ule wa Paje. Kwa Kihawai makani ni upepo. Kwetu pwani mtu wa makani ni mtu mbishi, na ubishi walikuwa nao. Google iliwatilia fedha, na mwaka 2013 ikawachukua kabisa. Wakaunda bawa la mita 26 lenye rafadha nane, lililokusudiwa kutoa kilowati 600. Mwaka 2019 wakalirusha kutoka kwenye chelezo katika bahari ya Norwei. Februari 2020 mwenye mfuko akafunga mkono, na kampuni ikafungwa.

Hapo wacheko watasema, "Ahaa!" Lakini sikilizeni walichokifanya watu wale kabla hawajazima taa ofisini. Waliandika ripoti ndefu, juzuu tatu, wakaieleza kazi yote. Walisema wazi kwa nini chombo chao hakikutoa nguvu waliyoitarajia. Wakatoa kumbukumbu za safari za hewani, programu za kompyuta, na ahadi ya kutomshitaki mtu atakayezitumia hataza zao. Walionesha hata picha za chombo kikianguka. Nawauliza, ni nani kwetu amewahi kuonesha picha ya kuanguka kwake? Sisi tunaonesha picha ya mkubwa ameshika kamba.

Mtasema hao walikuwa na fedha za Google. Haya, tumtazame asiye na fedha za Google. Lawrence Hargrave, mtu wa Australia, alifeli mtihani wa kumwingiza chuo kikuu. Ndiyo, alifeli, kama mie na wewe unayenisoma umejifunika. Akapelekwa kujifunza ufundi karakanani. Mwaka 1893 akabuni tiara ya sanduku, na tarehe 12 Novemba 1894, katika ufukwe wa Stanwell Park, akajifunga chini ya tiara nne, zikamnyanyua futi 16 kutoka ardhini. Mwingine angepaaza sauti watu waje wamwone. Yeye huko juu alikuwa amechukua nini? Kipima upepo, na chombo cha kupimia pembe ya kamba! Mtu ananing'inia hewani, na bado anapima. Kisha akayachapisha aliyoyapata, akakataa kuchukua hataza, akisema maarifa ni ya wote. Waliojenga ndege za kwanza Ulaya walikula katika sahani yake.

Na leo hii, katika visiwa vya Uskoti, yupo mbunifu wa mtaani aliyefunga mabawa madogo ya tiara kwenye duara, yakazunguka kama feni angani, na mzunguko wenyewe ukashushwa chini kwa kamba zilizokazwa badala ya mhimili wa chuma. Hakuishia kuomba makofi. Alishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, kazi yake ikapimwa na kuandikiwa hesabu. Mtu wa mtaani na mtu wa chuo kikuu, mizani moja.

Mimi hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya maneno mawili ya lugha yetu ambayo watu huyachanganya. Kuna mvumbuzi na kuna mzushi. Wote wawili wanaleta jambo ambalo halikuwepo. Mvumbuzi analileta na kipimo chake, nawe unaweza kwenda kulipima tena nyumbani kwako. Mzushi analileta na sauti. Cheti hakimo kabisa katika tofauti hiyo. Nimeona wenye vyeti wazushi, na nimemwona fundi viraka mvumbuzi.

Kwa hiyo wabunifu wenzangu nao wasijifiche nyuma yangu. Wapo, tunawajua, wenye michoro waliyoifunika kwa kanga miaka kumi wakihofia kuibiwa. Ukimwuliza inatoa wati ngapi, anakwambia, "Hiyo siri." Bwana wee, siri gani isiyojulikana hata na mwenyewe? Anaogopa kuibiwa kitu ambacho hajathibitisha kuwa anacho. Mwingine anakwambia kizungusho chake kinajiendesha chenyewe milele bila upepo wala mafuta. Huyo msaidieni kwa kumpa kitabu cha fizikia, msimpeleke redioni.

Na yupo mpinzani wa tatu, huyu ninamheshimu. Anasema: jua linatosha. Paneli ya wati 50 inalala juu ya bati, haili, haichoki, wala haimkati mtu vidole. Ya nini kuhangaika na kamba? Namjibu kwa heshima: kwa nyumba ya kijijini leo, una haki. Mizani yenyewe ndiyo iliyonifundisha kwamba una haki. Wati 36 zenye mlinzi hazishindani na paneli isiyo na mlinzi. Nisingelijua hilo kwa makofi, nimelijua kwa kilo na sekunde. Lakini mizani ile ile ilitwambia na jambo la pili. Tulipoacha kuitazama tiara imesimama kama bendera, tukaanza kuichezesha kwa kamba mbili ichore namba nane angani, kama hesabu ya Loyd inavyotaka, mshale wa mizani uliondoka kwenye 12 ukacheza kati ya 28 na 32. Tiara ile ile, upepo ule ule! Ukiweka 30 mahali pa 12 katika hesabu yangu ya juu, wastani unatoka wati 36 unafika 108. Fundi aliutazama ule mshale akasema neno moja tu, "Aa." Sijamwona na uso ule tangu siku ya taa. Hata hakukuwa na mtu wa kupiga makofi, tulikuwa wawili na mbwa.

Ninyi mnaopenda kusema Mwafrika hatambuliwi, nanyi mngoje kidogo. Juni 2007 kijana wa Malawi, William Kamkwamba, alisimama Arusha yetu hapa mbele ya wageni wa dunia. Alikuwa ameacha sekondari kwa kukosa ada wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002, akaingia maktaba, akasoma kitabu cha fizikia, akaunda kinu cha upepo kwa baiskeli, feni ya trekta na dainamo. Sisi tumechukua nini katika habari ile? Tumechukua makofi ya Arusha. Tunamngoja Kamkwamba wetu tumpigie. Tunasahau kilichomfaa kijana yule: alikuwa na maktaba kabla ya makofi, na baada ya makofi alisaidiwa kuendelea na masomo, hata mwaka 2014 akahitimu Chuo cha Dartmouth, Marekani. Makofi peke yake yangemwacha pale pale chini ya mnara wake wa miti, na waandishi kama mie wakimwongezea nyumba kumi kila wiki.

Na sasa nageukia kwetu, sisi tunaojiita waandishi chipukizi wa kurasa hizi. Ugomvi wangu mkubwa uko hapa. Sisi ndio tunaowatengeneza wazushi. Tunataka shujaa, na shujaa tunamtaka kamili, katika aya ya mwisho, jua linazama. Katika mswada wangu wa riwaya kulikuwa na sura ambamo kijana fukara anarusha tiara, na kijiji kizima kinawaka taa, na yule binti aliyemkataa analia kwa majuto. Niliipenda sura ile kuliko zote. Nimeichana. Niliichana siku Fundi aliponiomba nimtungie uzi kwenye sindano kwa sababu mkono haukuweza.

Ombi langu ni dogo. Mwandishi ukimwendea mbunifu wa mtaani, awe wa tiara, wa pampu ya maji au wa helikopta ya mabati, mwulize mambo matatu kabla hujafungua kinywa kumsifu. Kiasi gani? Kwa muda gani? Ikishindikana inakuwaje? Akikosa majibu, usimcheke. Kaa naye, mtafute mizani. Mizani ya samaki ipo dikoni, saa ipo kwenye simu yako, futi ya kupimia kitambaa ipo kwa kila fundi cherehani. Mwalimu wa fizikia yupo shuleni, na wengi wao wangefurahi kuona wanafunzi wakipima kitu chenye upepo ndani yake badala ya kukariri. Na wakubwa wa maofisini, mkija na kamera, njooni pia na mtu wa kupima na glovu za ngozi. Hotuba tutawasamehe.

Tena tusijifanye kwamba jambo hili ni la mafundi tu. Hapa kwetu mtu akisoma hadithi yake mbele ya wenziwe, si tunapiga makofi? Nani humwambia, "Ndugu yangu, ukurasa wa tatu una uongo"? Tunaona kumpima mtu ni kumvunja. La hasha! Asiyekupima ndiye aliyekwisha kukuvunja, maana amekubali moyoni kwamba huna uzito wa kupimwa.

Gazeti lile sikuwahi kulipelekea masahihisho. Nilijua wasingeyachapa, na kusema kweli niliona haya. Basi masahihisho ni haya, nayaandika hapa nilipopewa nafasi. Mtambo wa Fundi haukuwa na uwezo wa kuwasha nyumba kumi. Siku ile uliwasha taa moja ya baiskeli ya wati 3 kwa sekunde 40. Tiara yake ya mita mbili za mraba ilipopimwa ikiwa imetulia ilivuta kilo 12, na wastani wa nguvu yake kabla ya jenereta ulikuwa wati 36. Ikichezeshwa namba nane imevuta kama kilo 30, na wati 108 nilizozitaja bado ni za kwenye karatasi, kwa sababu kizungusho cha kuzipokea hatujakimaliza. Maneno "nyumba kumi" aliyatunga mwandishi. Fundi hana deni la nyumba hata moja, na wazee wetu wa dukani na msikitini tafadhali wamwache apumzike.

Kusi likirudi tutakuwa ufukweni, kigingi kimefukiwa mita moja, kisu cha kukatia kamba kiunoni, mikono imevaa glovu, ya kwake moja tumeishona upya iwe na vidole vitatu. Mwenye mizani nzuri kuliko ya mnadi wa samaki na aje nayo. Mwenye makofi abaki nayo nyumbani, afukuzie mbu.

Wasalaam.